Waraka kwa Wakusanyaji Wenzangu: Mzee Wetu Ameondoka, Daftari Limebaki

Deira, Dubai

Kwa ndugu wote wa barza yetu, wenye kukusanya majambia, panga, ngao na silaha za kale za Oman na Zanzibar, mlioko Dubai, Sharjah, Maskati, Unguja, Mombasa na kwengineko.



Nawaandikia kwa moyo mzito. Wengi wenu mmeshapata habari. Mzee wetu, mkubwa wetu kwa umri na kwa ujuzi, ametutoka. Tulimzika baada ya swala ya Adhuhuri katika makaburi ya Al Qusais, na waliofika walikuwa wengi kuliko tulivyotarajia: wachukuzi wa bandarini, masonara, vijana wa Kitanzania wenye maduka Naif, na wazee ambao hatujawaona kwa miaka. Kazi ya Mola haina makosa. Tunamwomba amrehemu, ampanulie kaburi lake, awape subira mjane wake na watoto wake. Nyumba yake haijapenda kutangazwa, kwa hiyo jina lake sitalitaja. Kila mmoja wenu anamjua.

Ningeweza kungoja hitima ndipo niseme haya, lakini yapo mambo ambayo yakichelewa huharibika.

Mzee wetu alizaliwa Malindi, Mji Mkongwe wa Unguja. Mapinduzi ya Januari 1964 yalimkuta kijana. Jamaa zake, kama jamaa za wengi wetu, walitawanyika, huyu Mombasa, yule Maskati, na yeye akaishia Dubai mwanzoni mwa miaka ya 1970, Bandari ya Rashid ikiwa bado mpya, akawa karani wa mizigo. Utajiri hakuwa nao. Alichokikusanya alikikusanya kwa mshahara, kitu kimoja mwaka huu na kingine mwaka wa tatu, mara nyingi kwa kulipa kidogokidogo.

Mnakumbuka jinsi alivyokipokea kitu kipya barzani. Alikiweka mapajani juu ya kipande cha khanga kuukuu, asikiguse kwa kitambo, kahawa ikizunguka. Kisha aliuliza swali lake: "Limetoka kwa nani?" Bei aliiuliza mwisho, na siku nyingine hakuiuliza kabisa. Mtu akijibu kwamba amelinunua sokoni, aliuliza tena: "Na aliyeliuza sokoni, alilipata kwa nani?" Wageni walidhani anawashuku wizi. Sisi tulijua kwamba anatafuta watu.

Alitufundisha kulisoma jambia kama msafara. Mpini wa pembe ya kifaru aliuinua kwenye mwanga wa dirisha, akatuonyesha ukingoni rangi ya asali na nyuzi nyembamba zilizolala pamoja kama nywele. Pembe ile, alisema, ilitoka bara ya Afrika Mashariki, ikateremshwa pwani, ikavuka bahari kwa jahazi. Fedha ya kwenye ala mara nyingi ilikuwa riale za Maria Theresa, zile zilizoandikwa mwaka 1780 hata zilipopigwa miaka mia baadaye, zikayeyushwa na sonara wa Nizwa, Sur au Unguja na kuvutwa kuwa nyuzi. Ubapa wa upanga aliupitisha kidole, akatafuta alama ya mbwa mwitu anayekimbia, kwa kuwa chuma kingi kilichovaliwa na wazee wetu kilifuliwa Solingen, Ujerumani. Kitu kimoja cha kushikwa kwa mkono, na ndani yake mna Bara, Ulaya na Oman. Ndiyo maana mwaka 2022, UNESCO ilipoingiza jambia la Oman katika orodha ya turathi za binadamu, Mzee alifurahi kwa jambo moja hasa: kilichoandikwa pale ni ujuzi wa kulitengeneza na desturi za kulivaa. Chuma na fedha, alisema, havikuhitaji kuandikwa.

Katika kabati lake mlikuwa na jambia la mtindo wa Saidi, la pete saba, zuri kuliko yote aliyokuwa nayo. Aliliweka rafu ya chini. Mbele kabisa, mahali ambapo kila anayeingia atapaona, aliweka jambia la uchi. Nataka niwakumbushe habari zake, kwani wanachama wapya hawazijui.

Mtu mmoja alifiwa na baba. Watoto wakagawana vitu, na jambia la marehemu likaangukia kwa aliyetaka fedha taslimu. Akalipeleka katika duka moja la vito. Muuzaji akaliweka kwenye mizani, kisha akaona mpini na ubao wa ala vinaongeza uzito bure. Akachukua koleo, akang'oa fedha yote, akaipima peke yake, akalipa. Mpini, ubapa na ubao vikatupwa kwenye boksi la takataka chini ya kaunta. Mzee alipita pale jioni kutengeneza pete ya mjukuu wake, akaliona boksi. Aliomba avichukue, akapewa. Fedha ilikuwa imeshaingia kwenye chungu.

Ukilishika jambia lile unaona kwenye ubao matundu madogo ya misumari, safu kwa safu, yakionyesha pete zilipokuwa na nyuzi zilipopita. Tulimshauri alipeleke Nizwa livishwe upya. Akakataa. Alisema likivishwa litapendeza, na likipendeza hakuna atakayeuliza kilichotokea. Likabaki vile. Miaka yote ile hakuwahi kumpata aliyeliuza, wala kujua marehemu mwenye jambia alikuwa nani.

Tangu siku hiyo alianza daftari. Ni daftari la shule la kawaida, limefungwa kwa mpira, kurasa za mwanzo kwa hati za Kiarabu na za baadaye kwa hati za Kirumi, Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Kila kitu kina namba. Chini ya namba ameandika: nimekipata kwa nani, yeye alikipata kwa nani, ameniambia nini, mimi nimeona nini. Yale aliyoambiwa hakuyachanganya na aliyoyaona. Na pale asipojua aliandika neno moja, "sijui," kisha akaacha mistari mitatu mitupu. Nilimuuliza ya nini. Akasema: "Atakayejua ataandika."

Ndugu zangu, tunapolia tujue tunalilia nini. Vitu vyake vyote vipo. Hakuna kilichovunjika wala kuibiwa. Kilichozikwa Al Qusais ni yale aliyokuwa hajayaandika, na hayo hayanunuliki tena kwa dirhamu yoyote.

Alipenda kutusimulia habari ya Wajapani, ambayo wenzetu duniani wanaokusanya deraya na helmeti za Kijapani wanaijua vizuri. Mwaka 1613 shoguni Tokugawa Hidetada alimpelekea Mfalme James wa Uingereza zawadi ya deraya, vipande vya chuma vilivyopakwa laki na kufungwa kwa nyuzi za hariri, kwa mkono wa nahodha John Saris. Ikafika salama, ikatunzwa katika Mnara wa London, na mpaka leo ipo. Lakini katika karne hiyohiyo walioitunza walikwisha kusahau ilikotoka, wakaionyesha watu kama zawadi ya Mfalme wa Moghul wa India. Deraya haikuliwa na kutu. Ililiwa na kusahauliwa, ndani ya ngome, kwenye ulinzi wa mfalme. Mzee akimaliza kisa hiki alikuwa akituuliza: "Ikiwa kwa mfalme imekuwa hivyo, kabati lako litakuwaje?"

Kwa hiyo nawaomba mambo manne. Nayaomba kwa mkazo, kwani ndiyo njia tuliyonayo ya kumlilia kwa vitendo.

La kwanza ni madeni na amana. Sote tunajua utaratibu wa mirathi: gharama za mazishi kwanza, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, kisha warithi. Mzee alikuwa mtu wa kuazima na kuazimisha. Kama una kitu chake nyumbani kwako, hata ngao ndogo ya ngozi uliyochukua kwa ajili ya ngoma ya razha harusini, kirudishe kwa mwanawe mkubwa, ukiwa na shahidi. Kama ulikuwa unamlipa kwa awamu, taja kilichobaki. Na kama yeye alikuwa na kitu chako, njoo na ushahidi wako, useme kwa upole. Warithi hawayajui mapatano yetu ya mdomo. Dhamiri zetu ndizo zitakazowatendea haki au kuwadhulumu.

La pili ni gumu kulisema, nami nitalisema. Asiende mtu kununua. Mjane yuko edani, miezi minne na siku kumi, na mirathi haijagawiwa. Tangu matanga yaishe nimeshasikia watu wawili wameulizia lile la Saidi, mmoja kwa simu na mmoja kwa kumtuma mtu. Sikutaka kujua ni nani, wala sitauliza. Ila tukumbuke: mtu ambaye jana alilibeba jeneza hawi leo mwenye kutia bei ya kabati. Ukimpa mfiwa bei siku ya majonzi, hata iwe bei ya haki, umemnyima nafasi ya kufikiri. Eda ikiisha, na familia ikitaka kuuza, wao watuite. Tutachagua watu watatu wasionunua, watathmini kila kitu kwa maandishi, na nakala ibaki kwa familia. Mwanachama atakayepita njia ya pembeni ajue kwamba amejikata na barza hii yeye mwenyewe.

Pia familia ielezwe njia zilizopo zaidi ya kuuza. Pale Maskati, Bait Al Zubair ilianza kwa makusanyo ya familia moja, ikafungua milango yake kwa watu mwaka 1998. Makumbusho ya Taifa ya Oman yapo tangu 2016. Sisemi wapeleke huko, uamuzi ni wao. Nasema wajue. Na wajue sheria vilevile. Biashara ya kimataifa ya pembe ya kifaru imepigwa marufuku chini ya mkataba wa CITES tangu 1977, kwa hiyo jambia lenye mpini wa pembe halitiwi kwenye sanduku la safari kama zawadi ya binamu. Kabla silaha yoyote ya kale haijavuka mpaka, wenye mamlaka waulizwe kwanza. Mtoto wa Mzee wetu asije akazuiliwa uwanja wa ndege kwa sababu sisi tulinyamaza.

La tatu ni matunzo, wakati wa kungoja. Nimezungumza na mwanawe, amekubali wawili wetu wafike kila mwezi, yeye akiwepo. Mji wetu ni mkali kwa vitu hivi. Ndani kiyoyozi kinakausha ngozi mpaka inapasuka, nje unyevu wa Agosti unakaa juu ya fedha kama jasho. Basi kabati lisifunguliwe madirisha yakiwa wazi, na kitu kisitolewe kwenye baridi kikapelekwa juani. Mipini ya pembe iangaliwe, maana wapo wadudu wanaokula pembe kama wanavyokula sufu, nao huanzia upande usioonekana. Wala asije mtu na dawa ya kung'arishia. Mzee alifuta kwa khanga iliyofuliwa mara nyingi mpaka ikalainika, taratibu, kufuata mkondo wa nyuzi. Weusi ulio kwenye mifereji ya nakshi ndio unaofanya nakshi ionekane. Ukiutoa umeifuta kazi ya sonara.

La nne ni letu wenyewe. Kila mwanachama aandike. Usingoje daftari zuri, wala usingoje Kiswahili cha vitabuni. Chukua karatasi, andika namba, kisha yale manne ya Mzee: kwa nani, kabla yake kwa nani, umeambiwa nini, umeona nini. Usipojua andika hujui, uache mistari mitatu. Kisha umwite mwanao au binti yako, umsomee. Wapo wanaosema watoto wa siku hizi hawayataki mambo haya. Nami nauliza, tumewaambia nini wayatake? Wameona baba akifungia chuma kabatini na kuwakemea wasiguse. Mpe mtoto jambia mkononi, mwambie babu yake mkuu alilivaa siku ya ndoa yake Unguja, uone kama ataliweka kwenye mizani.

Mimi ninalo jambia la baba yangu. Jana usiku niliketi niliandikie karatasi. Niliandika namba moja. Niliandika kwamba nimelipata kwa baba. Nilipofika kwenye swali la pili nikasimama. Baba aliishi nami miaka arubaini, tulikula sahani moja, na sikuwahi kumuuliza. Nikaandika "sijui," nikaacha mistari mitatu. Asubuhi nikampigia simu shangazi yangu Unguja, ana umri wa miaka themanini na sita. Mstari mmoja umeshajaa.

Hitima itasomwa Ijumaa baada ya Alasiri, nyumbani kwa mwanawe. Daftari la Mzee litakuwepo, kwa idhini ya familia. Litasomwa pale pale, na hakuna atakayelipiga picha. Kila atakayekuja aje na karatasi moja ya kitu chake kimoja. Na ambaye bado ana baba, mama, ami au shangazi, kabla ya kuja amuulize.

Mwenyezi Mungu amrehemu Mzee wetu, na atujaalie mwisho mwema.

Wassalaam,

Ndugu yenu, katibu wa barza