Shukrani ya Punda, Bwana Klopp

Tusidanganyane. Jürgen Klopp hakutenda kosa la jinai. Ilipotangazwa Oktoba 9, 2024 kwamba angekuwa mkuu wa soka wa vilabu vyote vya kampuni ya Red Bull, hakuwa amevunja mkataba wa mtu wala kuiba senti ya mtu. Alikuwa ameagana na Liverpool tangu Mei mwaka ule, akapumzika, kisha akaenda kutafuta riziki. Watetezi wake huishia hapo hapo: jamaa ni mtu huru, mwacheni ale jasho lake. Mimi nasema huko ni kukwepa swali. Hakuna anayebisha kwamba alikuwa na haki ya kwenda. Swali ni hili: nani alimlea, na amekwenda kumtumikia nani?

Alilelewa na Mainz 05. Alifika pale mwaka 1990, klabu ikiwa daraja la pili na haijawahi hata siku moja kuonja Bundesliga. Alianza kama mshambuliaji, baadaye akarudishwa nyuma akawa beki. Alicheza mechi 325 za ligi. Hakuwa beki wa kutisha. Mwenyewe amekiri mara nyingi kwamba kichwa chake kilikuwa cha daraja la juu kuliko miguu yake. Mwisho wa Februari 2001, Mainz ikichungulia kaburi la daraja la tatu, ilimfukuza kocha Eckhard Krautzun, yule yule aliyewahi kuifundisha Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mkurugenzi Christian Heidel akamgeukia beki wake mwenye miaka 33, asiyewahi kufundisha timu kubwa, akamwambia ashike usukani. Siku chache baadaye Mainz ikaifunga Duisburg 1-0, na msimu ulipoisha ikawa haijashuka.

Sasa sikilizeni yaliyofuata, maana ndiyo kiini cha hoja yangu. Mwaka 2002 Klopp alikosa kupanda daraja kwa pointi moja. Mwaka 2003 akakosa tena, safari hii kwa bao moja tu la tofauti ya mabao. Kwingine angekuwa ameshafungashiwa virago. Mainz wakamwacha. Mwaka 2004 wakapanda Bundesliga kwa mara ya kwanza katika historia yao. Mwaka 2007 wakashuka. Wakamwacha tena! Hadi alipoondoka mwenyewe mwaka 2008, baada ya kukosa kurudi juu, uwanja ulimlilia naye akaulilia.

Uvumilivu ule haukudondoka kutoka mbinguni. Mainz ni klabu ya wanachama. Hakuna tajiri aliyeinunua asubuhi akitaka faida jioni. Dortmund, alikokwenda, ilikuwa imenusurika kufilisika mwaka 2005. Ni kweli iliingia kwenye soko la hisa mwaka 2000, na watetezi wa Klopp hupenda kutukumbusha hilo. Lakini uamuzi wa mwisho ulibaki mikononi mwa wanachama, kwa ile kanuni ya Ujerumani ya mwaka 1998: nusu ya kura na moja zaidi ni yao. Hapo ndipo Klopp alipotwaa ubingwa mwaka 2011 na 2012. Na Februari 2015 timu ilipoburura mkia wa ligi, bado hakufukuzwa. Alimaliza msimu wa saba, akaondoka kwa kupenda kwake.

Haya, Red Bull nao ni akina nani? Mwaka 2005 waliinunua klabu ya Austria Salzburg. Wakafuta jina, wakafuta nembo, wakafuta rangi ya zambarau ambayo watu walikuwa wameivaa tangu kwa babu zao. Mashabiki waliokataa walianzisha klabu yao upya na kuanzia ligi ya chini kabisa. Mwaka 2009 kampuni ikahamia Leipzig, ikachukua nafasi ya kijitimu cha Markranstädt katika daraja la tano. Kanuni ilikataza jina la kampuni, basi wakabuni neno RasenBallsport, eti mchezo wa mpira wa nyasi, ili herufi RB zibaki pale pale. Kanuni ilitaka wanachama wenye kura, wakaweka wachache mno, wengi wao watu wa kampuni yenyewe. Sheria haikuvunjwa, bwana. Ilizungukwa tu, kama mlevi anavyoizunguka nyumba ya mdai wake.

Wapo wanaosema: mbona Liverpool ni mali ya Wamarekani, na hamkumlaumu? Jibu ni jepesi. Uingereza haina kanuni hiyo, na Liverpool ilikuwapo tangu 1892. Matajiri waliikuta, hawakuiunda ili kukwepa wanachama. Tena Aprili 2021, matajiri hao hao walipoiingiza katika ile Ligi Kuu ya Ulaya ya wateule, Klopp alisema hadharani kwamba haipendi. Mashabiki wakaandamana, mpango ukafa ndani ya siku chache. Kwa hiyo msiniambie jamaa hajui tofauti. Anaijua kuliko sisi.

Wengine husema Leipzig imewapa raha watu wa Ujerumani Mashariki, waliosahaulika baada ya 1990. Hilo ni kweli, na sina ugomvi na baba anayempeleka mwanawe uwanjani. Ila raha bila kura ni raha ya mpangaji. Siku mwenye nyumba akichoka, atapaka rangi nyingine.

Mashabiki wa Mainz walipoinua mabango ya kumlaumu, Klopp alijibu kwamba hakukusudia kumkanyaga mtu, kwamba anazipenda klabu zake zote. Namwamini. Lakini kampuni haikununua mbinu zake tu. Makocha wenye mbinu wako wengi. Imenunua ile kofia, ile ndevu, lile kumbatio la mtu wa watu. Mapenzi waliyoyajenga wanachama wa Mainz na Dortmund kwa miaka 14 sasa yanaisafisha kampuni iliyowakwepa wanachama.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa asiseme hayo ni ya Wazungu. Tanzania nako, Simba ilipotafuta mwekezaji mwaka 2017, serikali ilishikilia kanuni ya asilimia 51 kwa wanachama na 49 kwa wawekezaji. Ndiyo hoja ile ile ya Wajerumani, kwa hesabu ya kwetu. Na kila kanuni ya namna hiyo ina watu wanaoitafutia tundu la kupenyea. Wakiishalipata, watahitaji sura moja inayopendwa kuliko zote, isimame mbele ya tundu hilo na kucheka na watu.

Beki ndiye anayelinda lango. Huyu amepanda ngazi iliyoshikwa na watu wa kawaida wakati anayumba, si mara moja bali mara tatu, na alipofika juu akawapa mkono wanaotaka kuing'oa. Mechi 325 alizoichezea Mainz hazifutiki. Lango la wanachama lilipohitaji beki, yeye alikuwa upande wa washambuliaji.