Usifuge mbu kwenye chungu cha maua

Msomaji, ua la chunguni likinyauka, usikimbilie maji. Huenda ulilimwagilia kupita kiasi: mizizi ikikosa hewa huoza, na majani hugeuka manjano ilhali udongo ni chepechepe. Tia kidole udongoni. Ukihisi unyevu, ngoja. Lililoanza kuoza ling'oe, kata mizizi iliyooza, kisha ulipande upya katika chungu chenye matundu.

Hatari kubwa zaidi imo kisahanini. Maji yakituama humo kwa wiki moja hivi, mbu waenezao homa ya dengue, iliyozuka Mombasa mwaka wa 2013 na 2017, huweza kukomaa. Tusiilaumu kaunti kwa mitaro michafu huku tukifuga mbu sebuleni. Mwaga maji hayo kila wiki, na usugue kisahani, kwani mayai hunata.