Kanda Iliyofungwa Haijahifadhi Kitu

Jamani wakusanyaji wa katuni za zamani, leo tuambiane ukweli. Kanda ya VHS ambayo haijatolewa kwenye nailoni yake tangu itoke dukani si hifadhi. Ni boksi ambalo hata mwenyewe hujui kama ndani bado mna picha.

Nasema hasa na wale wa "Black Diamond", kanda za Disney za miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990 zenye alama ya almasi nyeusi mgongoni. Kwenye tovuti za mnada kuna watu wanaodai maelfu ya dola kwa Beauty and the Beast ya 1992. Kudai si kuuza! Kanda hiyo ilitoka kwa mamilioni.

Kilicho adimu si plastiki, ni toleo. The Lion King ilionyeshwa sinema mwaka 1994, kisha baadaye mamba wa kwenye wimbo mmoja wakachorwa upya. DVD ya 2003 ina wale wapya, kanda ya 1995 ina wale wa kwanza. Song of the South ya 1946 haijawahi kuuzwa Marekani kwa video ya nyumbani. Anayeitaka hutafuta kanda ya Uingereza au LaserDisc ya Japani, na hata hizo mbili hazilingani. Uingereza, kama sisi Kenya, ilitumia PAL yenye fremu 25 kwa sekunde, ilhali filamu ni 24. Kwa hiyo kwenye kanda hiyo kila kitu kinakimbia kwa takriban asilimia 4. Huo ndio utajiri wa kukusanya, na hauonekani mpaka kanda ichezwe.

Na itachezwa kwa nini? Pioneer iliacha kutengeneza deki za LaserDisc mwaka 2009. Funai, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha 2016. Gundi inayoshika chembe za sumaku kwenye utepe huchakaa. Kwenye LaserDisc, hewa ikipenya, tabaka la alumini huoza. Nailoni haizuii lolote kati ya hayo.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu. Kwetu sisi, data yenye nakala moja ni data inayongoja kupotea. Na vifaa vya kuiokoa vipo bure: ld-decode kwa LaserDisc na vhs-decode kwa kanda. Zinachukua mawimbi ghafi, kabla saketi za deki hazijayagusa, kisha kompyuta ndiyo inayajenga kuwa picha. Matokeo unayaweka katika FFV1, ambayo hubana faili bila kutupa hata biti moja. Kesho programu ikiboreshwa, unarudia kujenga picha kutoka mawimbi yale yale, hata kama deki imeshakufa.

Najua jibu lenu: "Nikifungua, thamani inashuka." Sawa, basi wewe ni mfanyabiashara, na biashara si dhambi. Lakini usijiite mhifadhi. Mhifadhi anafungua, anasafisha vichwa vya deki, ananakili, halafu anaweka nakala ya pili mahali pengine. Wewe unalinda boksi, na katuni inakufia mkononi.