Filamu za Kutisha na Haki ya Jirani

Katika aina zote za filamu zinazotazamwa katika vitongoji vyetu vya Dar es Salaam, kuanzia Mbagala na Tandika upande wa Temeke mpaka Mwananyamala na Tandale upande wa Kinondoni, sioni aina inayopendwa kwa moyo mkunjufu na papo hapo kutengenezwa kwa uzembe kama filamu za kutisha, yaani zile za majini, mizimu, uchawi na mauaji ya siri. Nami niliyezifuata tangu zama za mikanda ya video mpaka hivi leo zinapopatikana katika simu ya mkononi, naona wakati umewadia wa kusema wazi kwamba nyingi katika hizo zinatupunja sisi watazamaji, na zaidi ya kutupunja sisi, zinawadhulumu watu ambao hata kuzitazama hawazitazami.

Yapasa kwanza nieleze nasimama wapi, nisije nikadhaniwa kuwa ni mtu wa kubeza itikadi za wenzangu. Mimi ni muumini. Majini wametajwa katika Kitabu ninachokisoma, na nimekulia katika nyumba ambamo mtoto alikatazwa kupiga mluzi usiku na kukaa kizingitini wakati wa magharibi, nami makatazo hayo niliyatii na sijayaonea haya hata leo. Kwa hiyo silaumu filamu kwa kusimulia habari za ghaibu. Lawama yangu ni kwamba jambo zito kama hilo, ambalo wazee wetu walilitaja kwa sauti ya chini na kwa tahadhari, limeangukia mikononi mwa watu wanaolisimulia kama kwamba halina uzito wowote.

Historia ya filamu hizi kwetu si ndefu. Wazee wetu walikwenda mjini, wakatazama picha za Kihindi na za Kizungu katika majumba ya senema kama Empire, Avalon na Odeon. Kisha mabanda ya video yakaingia mitaani, na watafsiri kama Lufufu wakazipa filamu za kigeni sauti ya Kiswahili, hata mama muuza maandazi akaweza kufuata kisa cha Hong Kong bila kupotewa na neno. Ndipo mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mussa Banzi akatoa Nsyuka, na mwaka 2005 akatoa Shumileta, hadithi ya jini wa kike anayempenda mwanadamu, na jina hilo la Shumileta likawa midomoni mwa watoto wa mtaani kwetu kwa muda mrefu. Athari ya Nigeria katika kazi za namna hii haikufichika, kwa kuwa tangu Living in Bondage ya mwaka 1992, ambamo mume anamtoa mkewe kafara apate utajiri, Wanaijeria walikwisha kuonyesha kwamba hofu za watu wa kawaida zinaweza kuuzwa kwenye mkanda. Na Steven Kanumba mwenyewe, tuliyemzika katika makaburi ya Kinondoni mwaka 2012, alimshirikisha Ramsey Nouah wa huko katika Devil Kingdom. Nazitaja kazi hizi kwa heshima, maana watu wale walianza bila chuo na bila fedha, tena walikuwa na ujasiri wa kuamini kwamba hofu ya Mswahili inastahili kuwekwa mbele ya kamera.

Lakini waliofuata nyuma yao wamerithi mapambo na kuuacha ujasiri. Kosa lao kubwa katika ufundi ni haraka ya kuonyesha. Filamu haijatimiza robo saa, na tayari jini amekwisha kutokea sebuleni, macho mekundu kwa rangi ya kompyuta, moshi miguuni, mwale wa radi ukimtoka vidoleni, huku kinanda kinavuma tangu mwanzo hata mwisho bila kupumzika, hata mtazamaji hapati nafasi ya kusikia ukimya ambao ndani yake hofu huzaliwa. Wakiulizwa, husema kwamba hawana fedha za kutengeneza kiumbe cha kuaminika. Basi kwa nini wamwonyeshe? Steven Spielberg alipokuwa akitengeneza Jaws, iliyotoka mwaka 1975, mashine ya papa iliharibika mara kwa mara katika maji ya chumvi, naye akalazimika kuonyesha bahari, maboya na nyuso za watu badala ya papa mwenyewe, na dharura hiyo ndiyo iliyoifanya picha ile iogopwe duniani kote. Na zamani zaidi, mwaka 1942, Jacques Tourneur alipewa fedha haba kutengeneza Cat People, akatunga onyesho la mwanamke anayetembea peke yake usiku akisikia nyayo nyuma yake, kisha nyayo zikakoma, na kilichomshtua yeye na sisi ni breki za basi lililosimama ghafla kando yake, mnyama hakuonekana. Ufukara wa vifaa, basi, si udhuru wa kutisha vibaya, bali ungeweza kuwa sababu ya kutisha vizuri, lau watengenezaji wetu wangemwamini mtazamaji na kumwachia kazi ya kuwaza.

Jambo linalonisikitisha zaidi katika ufundi wao ni mahali wanapopigia picha. Filamu baada ya filamu tunapelekwa katika jumba la kukodi lenye makochi ya ngozi, zulia jekundu na geti la umeme, ambako familia isiyofanana na familia yoyote niijuayo inaandamwa na mizimu ya kuazima, ilhali nje ya geti hilo limetandaa jiji zima la nyumba za Kiswahili ambazo hakuna aliyezichungulia kwa jicho la mtunzi. Zitazameni nyumba zetu za Keko, Magomeni, Tandika au Mwananyamala: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na nyuma ua wenye jiko, bafu na choo cha watu wote. Kila chumba kina aila yake na dini yake na kabila lake. Kuta aghalabu hazifiki paani, hata anayekohoa chumba cha mbele husikiwa na aliye chumba cha nyuma, na ugomvi wa mke na mume huwa ni habari ya watu kumi na wanane kabla haujapoa. Mnajuana kwa sauti kuliko kwa sura. Saa saba ya usiku luku imekwisha, hakuna anayekumbuka zamu ya kununua umeme ilikuwa ya nani, na katika giza hilo unasikia kitasa kikizunguka, mlango ukifunguka, malapa yakiburuzwa ukumbini mpaka uani; unangoja yarudi, na hayarudi, wala asubuhi hakuna anayekiri kuwa alitoka. Kutoka hapo mtunzi hodari angetupeleka popote apendapo bila senti moja ya kompyuta. Nani alitoka? Kwa nini chungu cha mpangaji wa chumba cha nne kimekutwa kimevunjwa? Kwa nini mtoto wa mwenye nyumba analia kila anapopita mbele ya mlango ule ule? Watu wanaotumia kisima kimoja na choo kimoja, na ambao hawakuchaguana bali walikutanishwa na dalali na kodi ya miezi sita, wamekwisha kuwa ndani ya filamu ya kutisha kabla jini hajaalikwa.

Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe ninalotaka kulisema, nalo linapita ufundi. Hofu ya nyumba kama hiyo ni hofu ya shaka, na shaka hiyo humwelekea jirani. Filamu zetu hulijua hilo, kisha huharakisha kuiondoa shaka kwa njia iliyo mbaya kuliko zote, kwa kumtaja mtu. Karibu na mwisho mganga hutazama katika beseni la maji, au mchungaji hufunuliwa wakati wa maombi, na sura inayotokea humo, katika aghalabu ya filamu nilizozitazama, ni ya bibi mzaa baba, au mama mkwe, au mke mwenza, au mjane mpangaji asiye na mtu wa kumtetea. Hupigwa na radi au huungua au huokoka kwa kilio, na mabenchi ya bandani hushangilia. Sijapata kuona beseni hilo likimtoa mwenye nyumba anayepandisha kodi, au mfanyabiashara mwenye gari tatu.

Mtazamaji wa Ulaya akitoka katika filamu ya mnyonya damu, haendi nyumbani akamtafuta mnyonya damu wa mtaani kwake. Sisi hali yetu si hiyo. Katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa ushahidi wa macho mekundu tu, macho waliyoyapata kwa moshi wa kuni na samadi katika miaka yote ya kuwapikia watoto na wajukuu. Mwaka 1995, habari za pepo aitwaye Popobawa zilipoenea Pemba na Unguja hata watu wakawa wanalala nje kwa makundi wakiota moto, kijana mmoja mwenye maradhi ya akili aliuawa mjini Zanzibar kwa kudhaniwa kuwa ndiye. Na mwaka 2007 uvumi huo ukavuka bahari ukafika hapa kwetu Dar es Salaam, nasi tukaanza kutazamana. Na kabla ya yote hayo, mwaka 1959, huko Buguruni ambako wakati ule kulihesabiwa kuwa ni nje ya mji, hofu ya mumiani, wanaodhaniwa kuwanyonya watu damu, iliishia katika ghasia na mauti. Sisemi kwamba filamu imeua mtu. Sina ushahidi huo, na kumsingizia msanii ni dhuluma ile ile ninayoilaumu. Nasema kwamba yule anayesimulia hofu katika nchi yenye makaburi ya namna hiyo amebeba amana, na hana ruhusa ya kuitupa ili apate mwisho mwepesi wa hadithi yake.

Wala hatukosi mwalimu wa jambo hili katika lugha yetu wenyewe. Muhammed Said Abdulla wa Unguja, aliyeshinda mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 na 1958 kwa hadithi iliyochapishwa mwaka 1960 kwa jina la Mzimu wa Watu wa Kale, alichukua tajiri mmoja akamlaza maiti mahali panapoogopwa na kutolewa sadaka, akaiacha hofu ya mzimu ienee katika kila ukurasa, kisha akamleta Bwana Msa na kiko chake atafute kwa akili na subira nani mwenye mkono katika damu ile. Mambo mawili yananistaajabisha katika kitabu hicho kila nikisomapo. La kwanza, mwandishi hakuiharibu hofu kwa kutumia akili. Giza la mzimu linabaki kuwa giza. La pili, alikataa kumhukumu mtu kwa uvumi, akadai ushahidi, na kudai ushahidi kukawa ndiyo ladha yenyewe ya hadithi. Wahindi nao walilijua hilo: katika Mahal ya mwaka 1949, Kamal Amrohi alitupa sauti ya mwanamke ikiimba katika jumba tupu usiku, nasi tukaamini ni mzuka, hata ikaja kudhihirika kwamba alikuwa binti wa mtunza bustani mwenye moyo na haja zake. Mzuka uligeuka kuwa mtu, na mtu akawa mzito kuliko mzuka.

Najua jibu nitakalopewa, kwa kuwa nimelisikia bandani mara nyingi: kwamba mtazamaji amechoka na shida za mchana na anataka kuona shetani ameshindwa. Naliheshimu jibu hilo, maana limetoka kwa akina mama wanaoamka alfajiri kwenda kununua samaki Feri na ambao furaha yao sina haki ya kuipangia. Lakini hao hao nimewaona wakinyamaza kimya, mikono vifuani, mbele ya filamu isiyokuwa na jini hata mmoja. White Shadow ya Noaz Deshe, iliyotunzwa katika tamasha la Venice mwaka 2013, inamfuata kijana wa Kitanzania mwenye ualbino anayewindwa na watu wanaotaka viungo vyake, na hofu ya picha hiyo haihitaji rangi nyekundu machoni mwa mtu, kwa sababu wanaomwinda wana macho kama yangu.

Bodi yetu ya Filamu hukagua picha na kupanga umri wa watazamaji, na sitaki izipige marufuku filamu za majini. Marufuku ingewaondoa watunzi wema na kuwaacha wale wa vichochoroni. Ombi langu ni kwa waandishi wa miswada wenyewe, na ni ombi dogo. Yule bibi mliyemweka katika chumba cha sita, mwenye kanga iliyofifia na macho ya moshi, ambaye filamu nzima humwonyesha akipita tu mlangoni huku kinanda kikinguruma, mpeni onyesho lake mwenyewe. Ingieni na kamera chumbani mwake mchana, akiwa peke yake. Tuone anakula nini, dawa gani iko juu ya stuli, picha ya nani imetundikwa ukutani, na husema nini anaposikia wapangaji wenzake wananong'ona ukumbini na kunyamaza akipita. Dakika nne zatosha. Baada ya hapo andikeni mwisho wowote muutakao.