Alama 38 ni za kushangilia

Kuna jambo linalotuchanganya wazazi wengi hapa Arusha. Tumezoea mitihani ya NECTA: pointi chache ndiyo sifa, na kidato cha sita kilele ni pointi 3. Diploma ya IB (International Baccalaureate) inahesabu kinyume. Masomo sita, kila moja hadi alama 7, ongeza alama 3 za insha ndefu na nadharia ya maarifa. Kilele ni 45. Mtoto akileta 38 usinune, chinja mbuzi.

Halafu msitafute tahasusi ya PCB (fizikia, kemia, biolojia) humo. Hata anayeutaka udaktari atasoma lugha mbili na hisabati, ataandika insha ya utafiti ya maneno hadi 4,000, na atashiriki michezo na kazi za jamii. Ukimkuta Jumamosi anapanda miti huko miteremkoni mwa Meru, usimgombeze, ni sehemu ya diploma yenyewe.

Wenye watoto wanaosoma IB katika shule ya UWC East Africa, iwe kampasi ya Arusha au Moshi, msingoje matokeo. Ulizeni NECTA utaratibu wa ulinganifu wa vyeti, na chuo mnachokitaka kinadai masomo yapi ya ngazi ya juu, kabla mtoto hajachagua.