Jeshi la Wanahewa na mitumba ya angani

Kila picha za Sukhoi za Uganda zikizunguka mitandaoni, vijana wetu huanza swali lile lile: na Kenya tuna nini? Uganda ilinunua ndege sita aina ya Su-30MK2 kutoka Urusi, zikawasili 2011 na 2012. Sisi tungali na F-5. Basi hapo mazungumzo huishia kwenye aibu, kana kwamba jirani amejenga ghorofa na sisi tumebaki na nyumba ya makuti.

Mimi naona swali lenyewe limekaa upande. Mtu wa Kiunga, wa Basuba au wa Garsen haulizi ndege gani ina mbio. Anauliza ndege gani itafika kwake, itafika saa ngapi, na kama waliomo ndani watarudi salama kwa watoto wao. Kwa kipimo hicho tuna mengi ya kuzungumza kabla ya kufika kwenye Sukhoi.

Tuanze na hizo F-5. Ni ndege za kampuni ya Northrop ya Marekani, na Kenya ilizipokea za kwanza mwishoni mwa miaka ya 1970. Kiwanda kiliacha kuziunda miaka ya 1980. Serikali ilipoona zinachakaa, ilikwenda Jordan kununua nyingine 15 zilizokwisha tumika. Sisi tunaovaa kutoka Kongowea hatuna haki ya kuidharau mitumba. Shati la mtumba likichaguliwa vizuri huvaliwa hata Idi. Lakini shati likitatuka, fundi wa mtaani analishona. Ndege ambayo haiundwi tena huhitaji vipuri vya kusakwa dunia nzima, na kila mwaka vinapungua na bei inapanda.

Kazi zimefanya, tusiwe watovu wa shukrani. Majeshi yetu yalipoingia Somalia Oktoba 2011 kwa Operesheni Linda Nchi, ndege hizo ndizo zilizopiga maficho ya al-Shabaab, hadi Kismayu ikatwaliwa mwaka uliofuata. Ila vita vilivyoingia huku kwetu ni vya namna nyingine. Msitu wa Boni una miti iliyofungamana, na adui hutembea kwa makundi madogo usiku, akitega mabomu kwenye barabara ya Hindi kwenda Kiunga. Ndege ya mbio vile hupita juu yake kama radi na isimwone. Wala haiwezi kutua kumchukua askari aliyekatika mguu.

Hapo ndipo tunapoingia kwenye helikopta, na ndipo panaponiuma.

Juni 2021, helikopta ya jeshi aina ya Mi-171 iliyobeba askari wa mafunzo ilianguka Ole Tepesi, Kajiado, wakafa wasiopungua kumi. Septemba 2023, helikopta ya Wanahewa aina ya Huey ilianguka usiku Lamu, ikiwa kwenye doria ya operesheni ya Amani Boni. Wote waliokuwemo walifariki. Miezi saba baadaye, tarehe 18 Aprili 2024, Huey nyingine ilianguka Elgeyo Marakwet, ikamuua Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, pamoja na wengine tisa. Jenerali Ogolla hakuwa mgeni wa ndege. Alikuwa rubani wa ndege za kivita na aliwahi kuliongoza jeshi hilo hilo la Wanahewa.

Msiba wa jenerali ulisimamisha nchi nzima, na ilistahiki. Ule wa Lamu ulipita kwenye taarifa za habari kwa siku mbili tatu, kisha kimya. Wale vijana walikuwa wakizunguka gizani juu ya msitu ili watu wa Milimani, Mangai na Kiangwe walale. Tunasahau haraka kwamba watu hao wanaitegemea ndege kuliko Mkenya yeyote wa mjini. Kuna vipindi ambavyo hata walimu wa shule za Basuba walipelekwa na kurudishwa kwa ndege za jeshi, kwa sababu barabara haikuwa na amani.

Huey ni helikopta ya umri wa wazee wetu. Ya kwanza iliruka miaka ya 1950, na dunia iliizoea kwenye picha za vita vya Vietnam. Marekani ilitupa Huey II, ambayo ni bodi ya zamani iliyofumuliwa, ikatiwa injini yenye nguvu zaidi na vyombo vipya. Si takataka, na nchi nyingi zinaitumia. Rais Ruto alipozuru Washington Mei 2024, zilitangazwa helikopta 16 zaidi, Huey nane na MD-500 nane. Nilisikia watu wakishangilia na wengine wakikebehi. Mimi sikufanya lolote kati ya hayo. Umri wa bodi peke yake hauui mtu. Kinachoua ni saa za kuruka zisizohesabiwa vyema, kipuri kilichocheleweshwa, fundi aliyechoka, au rubani wa usiku asiyepata mazoezi ya kutosha ya usiku. Na msaada hauji na mishahara ya mafundi wala bajeti ya vipuri ya miaka 20 ijayo. Mtumai cha nduguye hufa maskini, walisema wazee.

Ndiyo maana nataka Bunge liulize maswali ya kifundi badala ya kupiga makofi. Katika helikopta kumi, ngapi zinaweza kuruka kesho alfajiri? Rubani wetu anapata saa ngapi angani kwa mwezi? Baada ya ajali ya Aprili 2024 iliambiwa nchi kwamba kikosi cha uchunguzi cha jeshi lenyewe kimetumwa kutafuta chanzo. Jeshi kujichunguza ni sawa kwa siri za vita. Lakini chanzo cha injini kuzima au bawa kuvunjika si siri ya vita, na mjane wa askari ana haki ya kukijua.

Usiri huu umetugharimu katika manunuzi pia. Januari 2017 serikali ya Marekani iliidhinisha kutuuzia ndege 12 za Air Tractor AT-802 kwa dola milioni 418. Hizo asili yake ni ndege za kunyunyizia dawa mashambani, zikageuzwa za kivita. Wazo halikuwa baya. Ni ndege ya polepole, hukaa juu kwa muda mrefu, na hiyo ndiyo kazi ya Boni. Bei ndiyo iliyotoa watu macho, na aliyepiga kelele kwanza alikuwa mbunge wa kule kule Marekani. Mpango ukafa. Yaani mlipa kodi wa Likoni alisaidiwa kuuliza bei na mtu wa North Carolina!

Upande wa uchukuzi kuna nafuu. Tangu 2020 tumepokea C-27J Spartan za Italia, tatu kwa jumla, zinazoweza kutua kwenye viwanja vifupi. Mto Tana unapofurika na barabara ya Garissa kukatika, hiyo ni ndege ya maana kuliko Sukhoi kumi.

Na hata ukiwa na ndege, kuwa nayo si kuwa tayari. Aprili 2015, magaidi walipoingia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri, kikosi maalumu cha polisi kilifika mchana umeshakwenda. Ikaja kujulikana kwamba ndege ya polisi ilikuwa imekuja Mombasa asubuhi hiyo, na wakati wa kurudi ikabeba jamaa za mkubwa mmoja. Watu 148 waliuawa. Hiyo haikuwa ndege ya Wanahewa, lakini ugonjwa ni huo huo wa kutojua nani anaamua ndege iende wapi.

Nirudi Lamu. Zile 16 zilipotangazwa, ilitajwa pia kurefusha uwanja wa Manda, pale al-Shabaab walipovamia Januari 2020, wakaua Wamarekani watatu na kuchoma ndege. Uwanja mrefu ni wa ndege kubwa. Wabunge wetu wa Pwani nawaomba waulize jambo dogo: kati ya hizo Huey nane, ngapi zitalala Manda na Mombasa badala ya Nanyuki na Eastleigh? Na je, mama wa Kiangwe akishikwa na uchungu usiku, bahari imechafuka na barabara haipitiki, kuna nambari ya kupiga ili moja ije imfikishe Hospitali ya King Fahd?