Saa bora ya mwaka 2025: Kura yangu ni kwa yenye akrabu moja

WATENGENEZAJI wa saa za kifahari wa Uswisi hawatausahau mwaka 2025. Mwezi Agosti Serikali ya Marekani ilizitoza bidhaa za nchi hiyo ushuru wa asilimia 39, na Marekani ndiyo iliyokuwa mnunuzi wao mkubwa kuliko wote. Ilibidi wasubiri hadi katikati ya Novemba ndipo pande mbili zilipoafikiana kuushusha hadi asilimia 15. Mwezi Oktoba bei ya dhahabu nayo ilivuka dola 4,000 kwa wakia kwa mara ya kwanza katika historia. Kiwanda kinachonunua dhahabu, kinacholipa mishahara kwa faranga yenye nguvu na kuuza kwa dola kilibanwa kila upande.

Hata kabla ya misukosuko hiyo, soko lilikuwa limekwisha anza kupoa. Mauzo ya nje ya saa za Uswisi yalifikia rekodi ya karibu faranga bilioni 26.7 mwaka 2023, kisha yakateremka hadi karibu bilioni 26 mwaka 2024.

Kwa hiyo swali la saa ipi mpya ilikuwa bora mwaka huo si la matajiri peke yao. Ni swali la biashara: mteja anapobana mkono, ni bidhaa gani inayostahili fedha yake? Kwa maoni yangu, miongoni mwa saa za mashine, zile zisizotumia betri, kura inakwenda kwa Classique Souscription 2025 ya kampuni ya Breguet. Ni saa ya kutia ufunguo kwa mkono, na ina akrabu moja tu.

Mpinzani wake mkubwa

Wengi watauliza, Rolex wameiweka wapi? Swali ni la haki. Mwezi Aprili 2025, katika maonyesho ya Geneva, Rolex walitoa Land-Dweller, saa mpya kabisa na si ya zamani iliyobadilishwa rangi. Ndani yake mna mashine namba 7135, inayopiga mapigo 36,000 kwa saa moja badala ya 28,800 yaliyozoeleka katika saa za kampuni hiyo. Ikijaa hukaa saa 66 bila kusimama.

Kazi kubwa imefanyika kwenye kile kifaa kidogo kinachozuia na kuachia magurudumu ili saa isiende mbio. Rolex wamekiunda upya kwa silikoni, na kampuni inasema kinatumia nguvu ya springi kwa ufanisi zaidi kwa asilimia 30 kuliko kile cha kawaida. Kwa upande wa uhandisi, Land-Dweller ilistahili sifa zote ilizopata.

Kasoro yake iko sokoni. Ile ya chuma yenye ukingo wa dhahabu nyeupe ilitangazwa kwa bei ya karibu dola 15,000, lakini mtu wa kawaida aliyeingia dukani hakuipata. Muda mfupi baadaye ilionekana kwa walanguzi kwa zaidi ya mara mbili ya bei hiyo. Kiwanda hakikufaidika na nyongeza ile, wala mteja wa mwisho hakupata chochote cha ziada. Aliyefaidi ni aliyekuwa karibu na muuza duka.

Wafanyabiashara wa rika langu wanaijua biashara ya aina hiyo vizuri sana. Tuliiona kwenye sukari na kwenye sabuni wakati wa uhaba. Bidhaa ikishauzwa kwa kujuana, bei yake haielezi tena ubora. Inaeleza foleni.

Arbuni iliyomfufua fundi

Breguet yenyewe ina historia ambayo kila mwenye duka angepaswa kuisikia. Abraham-Louis Breguet alizaliwa Neuchâtel mwaka 1747 na akafungua karakana yake Paris mwaka 1775. Wateja wake walikuwa watu wa kasri la mfalme. Mapinduzi ya Ufaransa yalipopamba moto, mwaka 1793 alikimbilia Uswisi kuokoa maisha yake. Aliporudi Paris mwaka 1795 karakana ilikuwa imeharibika, na wale wateja wakubwa wengine walikuwa wamekatwa vichwa, wengine wamekimbia.

Fundi huyo alikuwa na ujuzi na jina, lakini hakuwa na mtaji. Alichofanya ni kubuni saa ya mfukoni iliyo rahisi kutengeneza: kubwa, yenye kipenyo cha milimita 61, uso mweupe wa enameli, na akrabu moja. Kila nafasi ya saa iligawanywa katika vipande vya dakika tano, kwa hiyo msomaji aliweza kujua wakati kwa ukaribu uliotosha shughuli za siku hizo. Alichapisha tangazo la kuieleza na kuomba wateja wajiandikishe. Anayeagiza alilipa arbuni ya robo ya bei, na zilizobaki akazilipa siku ya kukabidhiwa saa. Kujiandikisha huko ndiko kulikoipa saa hiyo jina la Souscription.

Ziliuzwa takriban 700. Kwa karakana iliyokuwa ikitengeneza vitu vya kipekee, kimoja kimoja, huo ulikuwa wingi mkubwa. Robo za wateja zilinunua malighafi na kulipa mafundi. Mwenye saa alijua atapata nini na atalipa kiasi gani. Mwenye karakana alijua kila saa anayoianza imekwisha pata mwenyewe.

Tazama jinsi mambo mawili yalivyoshikana. Arbuni peke yake isingemsaidia kama saa ingekuwa ngumu na kuchukua miaka kuimaliza, kwani wateja wangedai fedha zao. Na urahisi wa saa peke yake usingetosha kama angelazimika kukopa ili aanze. Alipunguza kazi hadi pale fedha ya mteja ilipoweza kuibeba. Fundi wa samani anayechukua arbuni ya kununulia mbao anafanya jambo lile lile, na akishindwa, mara nyingi ni kwa sababu ameahidi kabati ambalo arbuni hiyo haiwezi kulibeba.

Ya sasa ikoje?

Breguet, ambayo ni mali ya Swatch Group tangu mwaka 1999, ilitimiza miaka 250 mwaka 2025, na saa hii ndiyo iliyofungua sherehe. Imepunguzwa hadi milimita 40 ili ikae mkononi. Kasha ni la dhahabu iliyochanganywa na fedha, shaba na paladi, mchanganyiko wa kampuni yenyewe. Uso ni wa enameli nyeupe iliyochomwa tanuruni, na akrabu ni ya chuma kilichopashwa moto hadi kikawa cha buluu. Ikijazwa ufunguo huenda saa 96, yaani siku nne kamili. Mwenye nayo akiivua Ijumaa jioni ataikuta bado inatembea Jumatatu asubuhi.

Ukiigeuza unaona mashine iliyopangwa kwa kufuata ile ya zamani, na kwenye gurudumu la kujazia ufunguo yamechongwa maneno ya tangazo la Breguet mwenyewe. Nimependa jambo hilo. Kampuni nyingi zikisherehekea miaka mingi huongeza almasi na vikorokoro. Hii ilikumbuka mwaka wa shida, na bidhaa iliyoivusha.

Mwezi Novemba 2025, katika tuzo kuu za saa zinazotolewa Geneva, ndiyo iliyotwaa ile ya juu kabisa, Aiguille d'Or. Mtu anaweza kusema basi nafuata mkumbo wa majaji. Sababu yangu ni nyingine. Saa hii haimfichi mnunuzi kitu. Haijifanyi ya kupigia mbizi wala ya rubani. Inasema wakati, inasema taratibu, na ubora wake wote uko mahali ambapo jicho linaweza kuuhukumu: weupe wa enameli, unyofu wa akrabu, usafi wa tarakimu. Katika saa yenye vidude kumi, kasoro hujificha. Uso mtupu hauna pa kuificha.

Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni bei. Hii ni saa ya makumi ya maelfu ya dola, na haikupi hata dakika kamili, wakati ile ya betri ya bei ya chakula cha mchana inakupa hadi sekunde. Ni kweli, na anayetaka wakati sahihi anunue ya betri bila kuona haya. Saa ya mashine siku hizi inanunuliwa kwa ajili ya kazi ya mikono iliyomo ndani yake, kama vile mtu anavyonunua mlango wa nakshi ilhali mbao tupu zingezuia mwizi vile vile.

La pili ni zito zaidi. Breguet wa kale alitengeneza Souscription ili saa nzuri iwafikie watu wengi zaidi. Saa ya 2025 imebeba umbo hilo na jina hilo, lakini ni ya wachache. Hapo sina la kuitetea. Naipa kura kama saa iliyotengenezwa vizuri, si kama ukombozi wa mnyonge.

Kwa mwekezaji mdogo

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wasomaji wa ukurasa huu huliuliza kila mara: je, saa kama hii ni uwekezaji? Jibu langu ni hapana, na hilo linahusu hata ile ya Rolex.

Itakumbukwa yaliyotokea baada ya mwaka 2020. Fedha zilikuwa rahisi, riba iko chini, na watu wakaanza kununua saa kama wanavyonunua hisa. Patek Philippe Nautilus namba 5711 ya chuma, ambayo bei yake ya dukani ilikuwa karibu dola 35,000, iliuzwa mitaani kwa zaidi ya dola 100,000. Kufika mwanzoni mwa 2022 soko lilikuwa kileleni. Benki Kuu ya Marekani ilipoanza kupandisha riba mwezi Machi mwaka huo, bei za walanguzi zikaanza kuporomoka, na walioingia mwishoni ndio walioachiwa mzigo.

Hisa inaweza kutoa gawio, na nyumba inatoa kodi. Saa haitoi kitu mpaka iuzwe, na kabla ya hapo inadai bima, mahali salama, na fundi wa kuisafisha kila baada ya miaka kadhaa, ambaye huenda yuko nchi nyingine. Kisha kuna tofauti kati ya bei ya kununua na ya kuuza. Tuseme umenunua saa ya dola 10,000 na mfanyabiashara anakupa 7,000 unapoirudisha. Ili upate fedha yako tu, bila faida hata senti, bei hiyo ya kuuzia lazima ipande kwa karibu asilimia 43. Hesabu hiyo ifanywe kabla ya kutoa hundi.

Anayesema dhahabu imepanda, basi saa ya dhahabu ni akiba, achukue mizani. Dhahabu iliyomo katika kasha ni sehemu ndogo ya bei ya saa ya daraja hili. Anayetaka dhahabu anunue dhahabu.

Ushauri wangu kwa mwenye mtaji mdogo ni huu. Hilo kasha na liachiwe wenye fedha za ziada, naye achukue wazo lililomo ndani yake. Ukiwa na ujuzi na jina zuri lakini huna mtaji, punguza bidhaa yako mpaka ibaki ile sehemu ambayo mteja anaihitaji kweli. Taja bei mapema, chukua arbuni inayotosha kuanza kazi, na ukabidhi mzigo siku uliyoahidi. Breguet alianza upya kwa robo ya bei na akrabu moja, na jina lake bado liko sokoni.